Shimo

Mara dakika ya nne, mara ya saba,
mara saa nzima bila kitu,
kisha sauti inakatika.
Si mkwaruzo, si kelele: shimo tu,
kama ngazi iliyokosa kidato gizani.

Nimebadilisha waya. Nimezima waifai.
Nimeshusha kipimo, tisini na sita hadi arobaini na nane.
Kompyuta inaapa imetuma yote,
amplifaya inaapa haikuletewa,
na mimi hapa Katuba, hakimu asiye na shahidi.

Mama Kyungu, tunayegawana naye mita ya umeme,
anauliza ng'ambo ya ukuta:
"Mbona muziki wako una kwikwi?"
Nyuma yake friji ya soda inashtuka.
Shimo.

Nasimama na bisibisi mkononi.
Friji inanyamaza. Inashtuka.
Shimo.

Baba aliyeyusha shaba chini ya ile dohani ndefu
mpaka kifua kikamkataa.
Uzi wangu nao ni shaba:
unasikia kila kitu, hata kisichouhusu.

Kesho nitatafuta uzi wa mwanga.
Leo namwomba jirani nusu saa.
Anachomoa plagi, anavuta kiti.
Soda zinapata joto.
Tunasikiliza,
tukilingoja.