Kubebesha

Vikonyo vitano nilivitoa Lushoto,
nimevizungushia gazeti bichi, kisha kitambaa, kisha khanga kuukuu,
safari nzima nikivipakata kama mtoto mwenye homa.
Maduhu akanipokea Buswelu, nywele nyeupe
si kwa uzee, kwa mashine yake ya kusaga.
Nyuma yake, msichana wa miaka saba
aliyeniangalia mikono, si uso.

Kwetu tunasema kubebesha.
Unakata mche wa pichi la mbegu, ule mchungu, mgumu wa roho,
unaupasua katikati kwa wembe,
unachonga kikonyo kama kabari,
unakichomeka, ganda kwa ganda.
Walau upande mmoja ukutane,
la sivyo ni kijiti kilichosimama juu ya kijiti.
Kamba nilizikata kwenye nailoni ya ndani ya kiroba cha sembe.
Vumbi la unga likabaki kwenye kidonda.
Sikulifuta.

Mama Ng'washi akachungulia juu ya ua:
“Pichi? Hapa?
Hapa hata mawe hulala na joto lao mpaka alfajiri.”

Jikoni nilichemsha maji, nikakoroga uji,
nikamimina unga, nikasonga.
Ukatoka mweupe, mweupe kabisa,
kama karatasi ya mtihani ambayo hakuna aliyeigusa.
Nkwimba akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba,
akalirudisha sahanini.
“Wa mama ulikuwa na rangi.”
Dona, basi. Au wa muhogo. Sikuuliza.
Sato akapoa mbele yetu, jicho wazi.

Vikonyo vitatu vilikauka.
Cha nne kililiwa na mbuzi ambaye mpaka leo hana mwenyewe.
Cha tano, siku ya ishirini na tatu,
kikafumbua jicho dogo la kijani.
Nilimwita. Akaja, akasimama mbali,
mikono nyuma kama mkaguzi.
“Mama yake ni yupi? Wa chini au wa juu?”
Nilikuwa na jibu, jibu la bwana shamba,
la mizizi na maji na utomvu.
Nikalimeza.
“Sijui,” nikasema. “Wenyewe hawajagombana bado.”

Mwaka wa tatu, Juni, tukaunyima maji,
tukaupukutisha majani kwa mkono, moja moja,
udhani baridi imefika, ulale kidogo.
“Tunaudanganya?”
“Tunaubembeleza.”
“Si ni kitu kimoja,” akasema.
Ana miaka kumi sasa. Hapitwi na neno.

Jioni hiyo hiyo akaninyang'anya mwiko.
“Unasonga kama mtu anayeomba ruhusa.
Bana sufuria kwa miguu. Usiogope mvuke.
Sukuma mpaka ukutani. Sukuma!”
Neno hilo, kinywani mwa mtoto wa hapa,
lilikuwa amri na lilikuwa ukoo.
Nikasukuma.
Akachota konzi ya unga kutoka mfuko mwingine,
akatupia ndani bila kunieleza,
na ugali ukabadilika kidogo,
rangi ya ganda la yai la kuku wa kienyeji.
Alikula. Mimi pia nilikula.
Hakuna aliyesema kitu, Maduhu akaongeza mchuzi.

Maua yalikuja Agosti, ya waridi, machache, bila jani hata moja,
Mama Ng'washi akaleta wageni kuyatazama
kana kwamba mti ni wake.
Yakabaki mapichi manne.
Moja funza. Moja upepo wa ziwani uliliangusha juu ya mawe.
La tatu Maduhu alilitafuna pamoja na vumbi la mashine,
akasema tamu, akasema tena, tamu.

La nne liko juu bado.
Sasa hivi shore ametua karibu nalo,
na Nkwimba ametoka jikoni mbio,
mwiko mkononi, unga wa moto ukimdondoka miguuni:
“Shii! Toka! Hilo la kwetu!”

Harufu ya ukoko imeanza.
Mwiko uko kwake.
Nimekaa tu, nasubiri.