Chujio

Machi. Feni ya maabara, Mlimani, imekufa tena.
Nasikiwa anasuuza kinyesi cha sokwe
kilichoteremka na treni ya Kigoma, kimefungwa kama zawadi.

Novemba kilijaa mbegu za mabungo.
Sasa ni nyuzi: magome, mabua ya tangawizi mwitu,
makuyu mawili matatu yenye wadudu.
Anaandika: wametafuna sana. Anafuta "sana".

Jioni, Mwenge, nyanya nne elfu mbili.
Anazipita kama asiyezijua.
Kisamvu cha jero, nazi nusu. Muuzaji anacheka: nusu?

"Kuna nini leo?" mwanawe, kutoka kitandani.
"Kuna leo."

Usiku anachokonoa jino,
anatoa unyuzi mmoja wa kijani,
anauinua kwenye taa, mkono mwingine
ukipapasa kalamu.