Ishirini na Moja na Kidogo

Walituambia ni kilomita ishirini na moja na kidogo.
Hakuna aliyeuliza hicho kidogo ni kiasi gani.
Mwezi wa saba, alfajiri, baridi ya Lubumbashi
ile inayowafanya watu wa Katuba wanywe chai wamesimama,
tulijipanga mbele ya posta:
mke wangu Masengo, binti yetu Kapya,
shemeji Monga na viatu vyake vya mpira wa miguu,
na mimi, na kitambi changu, na mapafu
yaliyokula moshi wa kiwanda miaka kumi na minane.

Pini za kubandikia namba ziliisha kabla ya zamu yetu.
Masengo akachomoa sindano kwenye pindo la kitambaa chake,
uzi mweusi,
akanishonea namba kifuani, fulana ikiwa mwilini.
Usipumue, akasema.
Sikupumua. Mwaka mzima hatukuwa tumekaribiana hivyo.

Bunduki haikulia. Katika nchi hii
mtu hapigi risasi kwa mchezo.
Walipiga filimbi.

Kapya alitoweka kwenye kona ya kwanza.
Monga alitangulia kwa kelele, akawasalimu polisi wawili,
na kilomita ya sita tukampita
amekaa juu ya gunia la makala
akimwitia mwenye makala wateja.

Tukabaki wawili.
Miguu yetu haikukubaliana: hatua zake mbili, yangu moja na nusu.
Ndivyo ilivyokuwa hata kwa pesa.
Tangu niliporudi kutoka Kolwezi na begi moja
na barua ya kuachishwa kazi,
tulizungumza kwa kupitia watoto.
Mwambie baba yako bukari iko mezani.
Mwambie mama yako nimeshiba.
Halafu asubuhi moja nikamsikia akifunga kamba za viatu gizani.
Sikuuliza anakwenda wapi.
Nilitafuta vyangu.

Njia ya Kasapa, kilomita ya kumi na moja,
mama mkwe na bidoni lake la munkoyo,
kiti, mwavuli, na watoto watatu wa watu.
"Weye unakimbia sawa mutu anatoroka deni!"
Barabara nzima ikacheka. Nilicheka pia,
kicheko kikanigharimu pumzi ya mita mia mbili.
Deni nilikuwa nalo kweli.
Mdai wangu alikuwa kando yangu, anakunywa,
anajifuta mdomo kwa mkono.

Shemine kubwa, hiyo unaikimbilia nusu saa
na haisogei,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kilomita ya kumi na saba paja la kulia likajifunga fundo.
Nikasimama. Masengo akaendelea.
Kisha akarudi.
Nalisema hili polepole: alirudi nyuma,
na katika mbio mtu harudi nyuma.
Akapiga goti kwenye vumbi, akanikanda paja
kama anavyokanda unga wa mikate Jumamosi, bila huruma.
"Usiseme kitu. Hesabu nguzo."

Tukahesabu nguzo za umeme.
Nyingine hazikuwa na waya, shaba yake ilishauzwa zamani,
tukazihesabu vilevile.
Mahali fulani akapoteza hesabu, akanigeukia:
"Ngapi?"
Swali la kwanza kuniuliza mimi mwenyewe tangu Novemba.
Zilikuwa thelathini na nne.
Nikasema ishirini na nane.
Nilitaka njia irefuke.

Kwenye bango la ishirini na moja
watu wa mwisho huinua mikono wakidhani wamefika.
Bado kidogo.
Wanakunja meza. Mwenye saa anakula ndizi.
Kapya yuko ukingoni, peku, ameuma medali yake,
anatutazama kama mtu anayetazama wazazi wa mwenzake.
Uzi wa namba yangu umekatika upande mmoja,
na Masengo ameishika kwa kiganja, hapa kifuani,
tunakimbia hivyo, upande upande, tunakanyagana,
mtu asije akasema
sikuwa nimeandikishwa.