Sitini na Nane

Mnyororo ulikatika Jumanne, katikati ya mkaratusi,
ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa,
ukaangukia majani ya chai ya jirani.
Maiti ilikuwa ije Ijumaa.
Kuni za matanga hazijafika hata nusu,
na pawasoo yenyewe ni ya marehemu.

Mzee Lihanda angejua.
Yeye aliingia dukani akasema tu, "Nipe wa yule wangu,"
akapewa.
Namba amekwenda nayo.
Kibandiko cha ubavuni kililiwa na mafuta
kabla sijaajiriwa kumbebea petroli.

Mbale waliniuliza ni modeli gani.
Nikasema, nyekundu.
Wakauliza ni ya mwaka gani.
Nikasema, mwaka aliooa mke wa pili.
Msichana wa kaunta alicheka hadi akafuta machozi,
kisha akanionea huruma: nenda Kisumu.

Kisumu, duka la kwanza hawakutaka hata kuugusa.
La pili nikaunyoosha juu ya kioo,
oili ikachafua kitabu cha risiti.
Muuzaji akahesabu kwa ncha ya kalamu,
si meno ya kukatia, bali yale ya chini,
yanayopita ndani ya mfereji wa upanga:
sitini na saba,
na moja limebaki kwenye majani ya chai.
"Sitini na nane. Za hivyo haziji tena."
Alisema kama daktari, bila kuinua macho.

Kibuye basi, nyuma ya wagonga masufuria,
kuna fundi Nyang'weso, kipande cha reli, nyundo,
na mnyororo mzima usiokatwa,
mrefu kama kamba ya kuanikia nguo.
Aliushika wangu karibu na jicho moja.
"Aliyekuwa akiunoa huu alitumia mkono wa kushoto?"
Ndiyo.
"Tupa yake imeyala meno ya upande huu. Ya upande ule bado manene.
Msumeno wake ulikuwa ukienda mrama."

Nikakumbuka magogo ya miaka tisa
yote yamekatika mshazari,
na yeye akiulaumu mti:
mikaratusi ya siku hizi haikui wima,
imeiga tabia za wenye shamba.
Nikacheka peke yangu katikati ya Kibuye,
mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Fundi alihesabu kwa Kijaluo,
mimi kwa Kimaragoli, kimoyomoyo,
tukakutana kwenye sitini na nane.
Akagonga ribiti mbili, akauzungusha kidoleni,
akaomba elfu moja na mia tatu.
Aliposikia ni za matanga
akanirudishia mia,
akasema ni ya sukari, si ya kwangu.

Alhamisi alfajiri, ukungu umekaa juu ya chai.
Nilivuta kamba mara tatu ikakataa,
ya nne ikakubali na moshi wake wote.
Nikasimama nilivyozoea,
mguu wa kulia mbele, bega limeegemea
kuuzuia ule mvuto wa kwenda kushoto.

Mvuto haukuwapo.
Mnyororo uliteremka wima kama timazi
na mimi ndiye niliyeyumba,
nikagonga goti kwenye gogo.

Mama Kageha aliniona kutoka mlango wa jikoni.
Hakusema pole.
Alikuja na kanga yake ya msiba,
akapitisha kiganja pale palipokatwa,
bapa kama meza.
Kisha akatazama rundo la zamani, lile la mumewe,
kila gogo limeinamisha uso upande.

"Washeni na hizi mpya," akasema.
Akaanza kuzihamisha zile nyingine,
mbili mbili,
chini ya ghala, mvua isikofika.