Ukumbi wa Chini, Nakasero

Walianza kwa kung'oa kaunta,
ile ndefu, nyeusi kama jeneza,
iliyotuuliza kila asubuhi:
wewe nani, na umemfuata nani?

Chini yake tukakuta sarafu, kalamu kumi na moja,
na kitambulisho cha askari Odongkara,
kile alichokatiwa mshahara
mwaka ule wa mgao wa umeme.

Sasa kuna mabenchi ya mvule.
Dirisha limeshushwa hadi magotini,
na palipokuwa na kamba
birika la chai ya tangawizi linachemka.

Jana mvua ilimleta ndani muuza ndizi za kuchoma.
Akasimama mlangoni na sinia lake, anachuruzika,
akingoja kufukuzwa.

Odongkara, kwa mazoea, akainuka.
Kisha akaketi tena,
akasogea,
nafasi ya mtu mmoja.