Mraba wa Kijani

Daktari alisema atembee, akimbie, apande ngazi.
Miaka tisa, kilo arobaini na sita.
Kwenye cheti aliandika "mazoezi", akapiga mstari chini yake mara mbili,
kana kwamba mstari ungemshika Aikaeli mkono
umtoe nyuma ya kabati.

Nyuma ya kabati kuna kifuniko cha sufuria.
Akikizungusha sakafuni, dunia inatulia.
Ukikigusa, kilio kitasikika mpaka Pasua.

Nauza viatu vya mtumba Memorial.
Nimemletea raba za kila rangi,
zenye taa kisiginoni, zenye kamba, zisizo na kamba.
Zote amezipanga ukutani, ndogo kwa kubwa.
Hajavaa hata moja.

Alipotupiwa mpira aliutazama ukipita
kama mtu anavyotazama gari lisiloenda kwao.
"Acheze na wenzake," majirani wakasema.
Wenzake ni kelele.
Wenzake wana mikono inayogusa bila hodi.

Ndipo Mwalimu Ndeshukurwa akaleta kile kisanduku,
akakifunga darini kwa waya na nati mbili.
Kinamwaga mwanga sakafuni, miraba tisa,
mmoja wa kijani. Ukiukanyaga unalia ting',
unazimika, unawaka kwingine.
Basi. Hakuna wa kukushinda, hakuna wa kukupigia makofi.

Siku ya kwanza aliziba masikio.
Ya pili mwalimu akapunguza sauti
ikawa ya kijiko kwenye kikombe.
Ya nne aligusa kijani kwa kidole kimoja cha mguu,
akarudi ukutani kufikiri.
Ya kumi na moja nilikuwa dirishani, furushi la viatu kichwani,
nikamwona mwanangu anaruka.

Sikulia, wala msiniandikie kwamba nililia. Nilihesabu.
Mara mia moja na nne, jasho puani,
na mikono yake ikipigapiga hewa, ile mikono
waliyosema nimzoeze kuituliza.

Saa nne na nusu umeme ukakatika.
Nikajikaza kusubiri kilio.
Aikaeli aliitazama saruji tupu
akaruka kulia. "Ting'," akasema,
kwa sauti ambayo kwetu huja kama nyama, siku za sikukuu.
Akaruka mbele. Ting'.
Mpangilio wote alikuwa nao kichwani.
Mwalimu na mimi tukabaki na midomo wazi,
sisi tuliokuwa tukimfundisha.

Siku hizi, nyumbani Njoro, baada ya chai ya jioni,
nawasha tochi ya simu
niliyoifunga kitambaa cha kijani kwa mpira wa nywele.
Namulika ua: kando ya pipa,
chini ya kamba ya nguo, penye shina la mgomba.
Mlima ukitoka, wageni huinua simu zao.
Yeye anatazama chini, miguu mitupu, anawinda.

Kilo? Sijampima.
Cheti kipo kwenye droo, na mistari yake miwili.

Jana alininyang'anya tochi.
Nikadhani mchezo umekwisha.
Akamulika unyayo wangu wa kushoto,
kisha kokoto, hatua mbili mbele,
akangoja.

Mimi, na magoti haya ya kusimama sokoni kutwa,
nikatazama kama lango limefungwa,
nikavua kandambili,
nikaruka.

"Ting'," nikasema.

Hakucheka. Aliusogeza mwanga
mbali kidogo zaidi.