Naivasha, Ghorofa ya Tatu

Mwezi wa saba walipofungua barabara
nilitoa akiba kwenye kopo la Kimbo:
elfu tisa mia nne, na sarafu.
Nikawaambia wanangu, chagueni.
Si ng'ambo, si ndege. Humu humu nchini,
pahali pa kulala siku mbili, pawe na maji.

Kerubo alileta atlasi ya shule
na kalamu nyekundu ya mwalimu, sijui aliipataje.
Kila alasiri redio ilisoma hesabu.
Mombasa, hamsini na wangapi: mstari.
Kajiado: mstari. Machakos,
kwa nini Machakos? Mstari.
Busia ya malori, mistari miwili.
Nchi ikavuja wino mwekundu
kama daftari la mtoto asiyejua kujumlisha.

Ombati, miaka sita, alishafungasha zamani:
kaptura ya kuogelea, miwani ya majini ya mtumba,
na ndizi moja
ambayo tuliigundua baadaye kwa harufu.

Nikakumbuka kwa dada yangu, Nyamira.
Kule hakuna mstari. Kule kuna baridi na ng'ombe.
Bosibori alisalimu sana,
akaulizia watoto, akaulizia hata paka,
halafu akanyamaza kama mtu
aliyeziba simu kwa kiganja.
"Dada, msije sasa. Mama ana kifua.
Na watu hapa wanasema
ninyi wa Nairobi mnaubeba kwenye nguo."

Wa Nairobi.
Nikafungua atlasi. Mistari yote ile,
na kidoa chetu, kidogo kama punje ya wimbi,
hakuna aliyekigusa.
Nyani na kundule, basi.

Alhamisi watu wenye mavazi meupe
walipanda ngazi zetu
wakashuka na Baba Rispa katikati yao,
akitembea kwa miguu yake, akiona haya,
akitusalimu kwa nyusi.
Mkewe akaambiwa: siku kumi na nne, usitoke.
Jengo zima likajifunza kupita mlango wake
upande wa ukuta, pumzi zimebanwa.
Mimi pia. Sisemi uongo.
Siku mbili nilipita hivyo na ndoo kichwani.
Siku ya tatu nikaweka chupa ya uji kizingitini,
nikagonga, nikarudi nyuma hadi ngazini.

"Mama Kerubo," sauti ikatoka chini ya mlango,
"likizo mliamua kwenda wapi?"
"Naivasha," nikasema. Sijui kwa nini.
"Naivasha! Mimi ni wa Karagita.
Nimechuma maua kule miaka tisa.
Waambie watoto waje. Wakae hapo hapo ulipo."

Basi ikawa kila magharibi,
barakoa hadi puani, wanangu kwenye ngazi ya nne,
na yule mama nyuma ya mbao
akiwatoa viboko majini:
giza likiingia wanapanda, wazito, kimya,
wanakula nyasi nje ya dirisha lako
na wewe kitandani unasikia meno.
Ombati alivaa miwani yake.
Akauliza, kiboko anavaa barakoa ya saizi gani?
Mlango ukacheka,
kicheko kikageuka kikohozi,
na kikohozi kikakaa.

Nilihesabu. Moja, mbili, sita.
Mkono wangu ulikuwa kwenye kola ya Ombati,
tayari kuvuta.
Kerubo hakusogea.
"Halafu?" akauliza. "Wakishashiba?"

Chini, mfereji wa mtu ulikuwa ukidondoka.
"Wakishashiba," mlango ukasema polepole,
"wanarudi kwa njia ile ile waliyojia.
Ukisimama katikati ya njia yao, umekwisha.
Ukikaa kando, hawana neno nawe."

Nikailegeza kola. Kidogo.